UZI: Kisukari, kitambi na lile swali la "kwa nini nimlipie?"

1. Kila mjadala wa makato ya afya ukiwaka huku mtandaoni, lazima mtu aseme: "Nakatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Kwa nini pesa yangu itibu kisukari cha mtu aliyejilia chipo mpaka akafura? Msiba wa kujitakia hauna kilio." Kisha matusi yanaanza. Mimi nasoma sayansi ya siasa, si udaktari. Lakini hoja hii ya siasa imesimama juu ya dai kuhusu mwili, kwa hivyo tulipime dai lenyewe kwanza.

2. Dai ni hili: mafuta ya mwilini ni mzigo tu, kama gunia. Ukijikaza unalitua, ukikataa shauri yako. Shida ni kwamba mafuta si gunia. Ni kiungo kinachofanya kazi. Yanahifadhi nguvu, yanatuma homoni, na ndani yake wanaishi askari wa kinga ya mwili.

3. Mwaka 1993, Gökhan Hotamisligil na wenzake huko Marekani walichunguza mafuta ya panya wanene. Wakakuta yanatoa kwa wingi TNF-alfa, kemikali ambayo mwili huitumia kupigana na magonjwa. Walipoizuia, insulini ya panya hao ikafanya kazi vizuri zaidi. Yaani mafuta yalikuwa vitani, na hakukuwa na adui.

4. Mwaka 2003, timu mbili zikaonyesha askari wenyewe: seli za kinga zinazoitwa makrofeji. Kwa mtu mwembamba, hazifiki moja kati ya seli kumi kwenye mafuta. Kwa mtu mnene sana zinaweza kukaribia nne kati ya kumi. Mara nyingi utazikuta zimezunguka seli za mafuta zilizojaa kupita kiasi na kufa.

5. Nani anapiga kengele? Vipokezi. Hivi ni kama pua za seli, vinanusa hatari. Maarufu zaidi ni familia ya Toll, iliyoanza kueleweka kwa kuchunguza nzi wadogo wa matunda. Jules Hoffmann na Bruce Beutler walipata Nobel mwaka 2011 kwa kazi hiyo. Kipokezi kimoja, TLR4, kazi yake ni kutambua ganda la bakteria fulani.

6. Mwaka 2006 watafiti walichukua panya wasio na TLR4 wakawatia mafuta kwenye damu. Insulini yao haikuzimwa kama ya panya wa kawaida. Wanasayansi bado wanabishana kama mafuta yanakigusa kipokezi moja kwa moja au yanapitia njia nyingine. Ila kwamba kengele inalia, hilo halibishaniwi sana.

7. Kwa lugha ya mtaa: fikiria soja wa ploti anayepiga firimbi kila sufuria ikianguka. Usiku kucha, kila usiku. Insulini inakuja kubisha mlango ili sukari iingie kwenye seli, lakini kwa hizo kelele hakuna anayeisikia. Sukari inabaki kwenye damu. Kongosho linaongeza insulini, linaongeza tena, mwisho linachoka. Hapo ndipo kisukari cha aina ya 2 kinapoingia. Si kila mtu mnene anafika huko, na wapo wembamba wanaofika. Mafuta ya tumboni ndiyo yenye kelele zaidi.

8. Sasa tuje Dandora. Mafuta ya kupima tunayopikia kila jioni, mengi ni ya mawese kutoka Asia. Karibu nusu yake ni asidi ya palmitiki, ile ile ambayo maabara nyingi huitumia kuchokoza hizi seli. Sisemi chapo ni sumu. Nasema kodi ya mafuta, sukari na maharagwe ni sera ya afya, hata kama anayeijadili anataja bei peke yake.

9. Na moshi je? Mwaka 2009 watafiti waliwapa panya chakula chenye mafuta mengi, kisha kundi moja likavuta hewa chafu na lingine hewa iliyochujwa. Waliovuta hewa chafu, mafuta yao yaliwaka zaidi na insulini yao ikashindwa zaidi. Chakula kilikuwa kimoja! Panya si watu, sawa. Lakini dampo letu lilitangazwa kujaa mwaka 2001, na mpaka leo tunaamka na moshi wake. Nani aliuchagua?

10. Halafu kuna namba. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta asilimia 27 ya watu wazima Kenya wana uzani uliozidi. Wanawake 38.5, wanaume 17.5. Kama tatizo ni uvivu, basi tuambiane wanawake ni wavivu mara mbili ya wanaume. Mwambie hivyo mama mboga anayeamka saa kumi alfajiri kwenda Marikiti, akarudi kukaa kibandani mpaka saa tatu usiku.

11. Je, mtu hana jukumu lolote? Analo. Kupunguza kilo chache kunasaidia, na misuli inayofanya kazi huvuta sukari hata insulini ikiwa imezidiwa. Lakini jukumu linahitaji nafasi: njia salama ya kutembea, hewa safi, chakula unachokimudu.

12. Kwa hivyo anayesema "kujitakia" muulize haya matatu. Kupima sukari mapema kunapatikana katika zahanati ya karibu, au tunangoja mguu ukatwe ndipo bima ilipe? Kodi ya sukari na mafuta inaingia mfuko gani? Dampo linahama lini? Asiyekuwa na jibu anatafuta wa kulaumu tu, na bili itarudi kwako bado, ikiwa kubwa zaidi.

Uzi ujao: kwa nini kila mwaka kaunti na serikali kuu wanagombania pesa za hospitali. Maswali yaweke hapa chini. Matusi yapeleke kwingine.