Maniema: Malengelenge kwenye ngozi si Mpox kila mara

Mtu akitokwa na malengelenge huko Kasongo ao Kabambare, kusini mwa Maniema, wengi wanawaza Mpox, ugonjwa ambao OMS iliutangaza kuwa dharura ya dunia tarehe 14 Agosti 2024.

Lakini kuna malengelenge yasiyoambukiza. Katika ugonjwa wa pemfigusi, kinga ya mwili inageukia ngozi yenyewe na kuachanisha seli zake. Mara nyingi vidonda vinaanzia mdomoni na kukaa majuma mengi. Kuna pia magonjwa mengine ya nadra ya malengelenge yasiyoambukiza: kwa watoto malengelenge yanaweza kujipanga kama shanga; kwa watu wazima wengine, kansa imejificha nyuma yake.

Kwanza munganga anachukua sampuli ili kuondoa shaka ya Mpox. Kisha kipande kidogo cha ngozi, pembeni ya lengelenge, kinapelekwa kwenye maabara kubwa.

Dawa ya kwanza ni prednisoloni. Aina fulani zinatulizwa na dapsoni, dawa inayojulikana kwa kutibu ukoma. Mgonjwa apimwe kwanza kifua kikuu na minyoo, kwani prednisoloni inapunguza kinga. Kuiacha ghafla, hata kwa kukosa pesa, kunaweza kuua.

Na majirani wajue: pemfigusi ikithibitishwa, kula naye sahani moja hakuambukizi.