Kumbukumbu za Mashine (2): Nani Atamtambua Furu?

Wiki iliyopita tulieleza kumbukumbu ya kuhusisha: unaipa kipande, inakurudishia kitu kizima. Mchuuzi wa samaki wa Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, akiona mkia tu umetokeza chini ya turubai, hakosi kusema kama ni sangara au sato. Leo tunaipima mitandao mitatu ya neva za kompyuta inayofanya kazi hiyo, na mtihani wetu ni samaki waitwao furu.

Furu wa Ziwa Victoria wanakadiriwa kufikia spishi 500, ingawa wengi walitoweka miaka ya 1980 sangara alipolitawala ziwa. Watafiti wa Ghuba ya Mwanza waliwatenganisha kwa mambo madogo kama umbo la meno na rangi za madume. Tuseme kila samaki anaelezwa kwa majibu 1,000 ya ndiyo au hapana, jibu moja kwa neva moja.

Mtandao wa kwanza ni wa John Hopfield, mwanafizikia wa Marekani, aliyeuchapisha mwaka 1982 na kupata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2024 pamoja na Geoffrey Hinton. Kila neva imeungana na nyingine zote, hivyo neva 1,000 zina viungo 499,500. Neva mbili zikikubaliana juu ya samaki fulani, kiungo chao huongezwa nguvu, zikipingana, hupunguzwa. Hakuna samaki mwenye chumba chake. Wote wamo katika viungo vilevile. Ukiuliza kwa kipande, neva hurekebishana mpaka zitulie.

Mwaka 1985 Daniel Amit, Hanoch Gutfreund na Haim Sompolinsky walikokotoa kikomo chake: takriban kumbukumbu 138 kwa neva 1,000. Ukizidisha, hazipotei moja moja. Zote huvurugika pamoja. Tena kikomo hicho ni cha samaki wasiohusiana kabisa. Ukiupa furu, sifa wanazoshiriki hulimbikizana katika viungo, na mtandao hutulia kwenye furu wa wastani asiyeogelea popote ziwani.

Wa pili ni mkongwe zaidi. David Willshaw na wenzake waliuchapisha mwaka 1969 nchini Uingereza. Kiungo hapa ama kimewashwa ama hakijawashwa, na kikishawashwa hakizimwi. Ili viungo visijae upesi, kila samaki huwasha neva chache sana, mathalani 10 kati ya 1,000. Kwa hesabu hiyo unaweza kuingiza samaki 6,900 hivi kabla nusu ya viungo haijawaka na neva zisizohusika kuanza kujitokeza.

Je, umemshinda Hopfield mara hamsini? La. Kuchagua neva 10 kati ya 1,000 kunabeba biti 78 tu za habari, ilhali majibu 1,000 yaliyo huru yanabeba biti 1,000. Ushindi upo, lakini ni wa mara nne hivi. Na kuna kazi iliyosukumwa nje ya mtandao: lazima awepo wa kuchagua zile alama 10, na furu wanaoshiriki alama nane watachanganywa tu.

Wa tatu ulianzishwa na Dmitry Krotov na Hopfield mwenyewe mwaka 2016. Mwaka 2020 Hubert Ramsauer na wenzake wa Linz, Austria, walionyesha kuwa namna yake mojawapo ni hesabu ileile ya uzingativu (attention) iliyomo katika transfoma, miundo ya mitandao ya neva iliyobuniwa mwaka 2017 na ambayo leo inaendesha programu za lugha. Hapa kila furu anahifadhiwa peke yake: samaki 500 kwa majibu 1,000 ni majibu 500,000, karibu sawa na idadi ya viungo vya Hopfield. Swali hulinganishwa na kila samaki, kisha tofauti ndogo hukuzwa kwa kipeo mpaka aliye karibu zaidi awaache wenzake mbali. Mtandao huu umefaulu mtihani wa furu, mradi kipande ulichotoa kina alama inayowatofautisha.

Gharama yake ni kwamba kila samaki mpya anadai nafasi mpya, na kila swali linapita kwa samaki wote. Viungo vya Hopfield haviongezeki hata ukiongeza samaki.

Kwa hiyo mtandao ukisifiwa kwa wingi wa kumbukumbu, idadi hiyo peke yake haitoshi. Uliza kila kumbukumbu inabeba habari kiasi gani, zinafanana kwa kadiri gani, na nafasi ya kuzihifadhi inatoka wapi.

Wiki ijayo: je, ubongo wa binadamu unafuata njia ipi kati ya hizi?