Kujua Moyo Wako na Moyo wa Mwenzako

Ukija hospitali na kidonda mguuni, tunakuuliza: Unaumwa wapi? Unaonyesha kwa kidole, nasi tunaosha na kufunga. Lakini yako mambo ndani ya mtu ambayo kidole hakiwezi kuonyesha: hasira, woga, haya, wivu, huzuni. Wengi wanayabeba miaka mingi pasipo kuyapa jina. Leo tutasema juu ya akili ya kuyatambua.

Labda utasema: Hayo ni mambo ya wahubiri, si ya hospitali. Ngoja kidogo. Mtu akishtuka au akikasirika, mwili wote unapata habari. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo, nayo inamwaga katika damu kitu kinachoitwa adrenalini. Moyo unapiga mbio, pumzi inakuwa fupi, damu inakwenda kwa wingi kwenye misuli, na tumbo linapunguza kazi yake. Walter Cannon, mwalimu wa Harvard kule Marekani, alieleza mambo haya katika kitabu chake cha mwaka 1915. Mwili unajitayarisha kupigana au kukimbia. Ukikutana na nyoka katika njia ya shamba, huo ni msaada mkubwa. Lakini ukifika nyumbani na kukuta sombe haina chumvi, hakuna nyoka wa kupiga, na mwili wako haujui tofauti.

Ni kwa sababu hiyo tunakuambia ukae kwenye benchi dakika 5, ukinyamaza, kabla hatujapima presha ya damu. Mtu aliyetoka kugombana na mwenye pikipiki mlangoni, presha yake itaonekana juu kuliko ilivyo siku zote. (Lakini mwenye ugonjwa wa presha asiache vidonge vyake kwa kudhani kwamba ni hasira tu!)

Basi, akili hii ya moyo ni nini? Mwaka 1990 wataalamu wawili wa Marekani, Peter Salovey na John Mayer, waliandika kwamba ni akili ya kweli: kutambua maono ya moyo wako na ya wengine, kuyatofautisha, na kutumia ujuzi huo kuongoza mawazo na matendo yako. Mwaka 1995 kitabu cha Daniel Goleman kilieneza jambo hilo katika nchi nyingi. Wengine wakatia chumvi, wakasema akili hii inapita akili nyingine zote. Mimi sikubali. Muuguzi mwenye huruma asiyejua kipimo cha kinini ataua mtoto kwa upole.

Lakini muuguzi anayejua vipimo vyote naye anaweza kuleta hatari. Nitakuambia kosa langu mwenyewe. Mama mmoja alileta mtoto mwenye malaria siku ya nne ya homa. Nilimgombeza mbele ya watu wote waliopanga mstari: Ulikuwa wapi siku tatu? Hakujibu neno. Nilidhani nina hasira kwa ajili ya mtoto. Kweli ilikuwa woga. Usiku ule watoto wawili walikuwa wamekufa mikononi mwetu, na niliogopa wa tatu. Mtoto yule alipona, mama yake akarudi kijijini, akasimulia jinsi alivyopokewa. Juma lililofuata mtoto wa jirani yake alishikwa na degedege. Jirani yule akaogopa kuja kwetu, akajaribu majani kwanza. Alipofika, mtoto alikuwa hajitambui. Tulimtibu, akaishi, lakini masikio yake hayasikii vizuri tena. Ninamwona siku za Jumapili kwenye benchi la watoto, akitazama midomo ya mwimbishaji.

Nilikwenda kwa mama wa kwanza kuomba radhi. Alinipa kiti, akasema: Munganga, siku zile tatu nilikuwa natafuta franka za pikipiki.

Sikuwa nimemwuliza kwa nia ya kusikia jibu.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kulipa jina lile lililo ndani yako. Usiseme tu: Nimechafuka moyo. Uliza: Je, ni hasira, au ni haya? Ni haya, au ni woga? Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake, kule Marekani, walitangaza waliyoyaona walipochunguza ubongo wa watu waliokuwa wakitazama picha za nyuso zenye hasira au woga. Mtu alipotaja jina la ono aliloliona usoni, sehemu ndogo ya ubongo inayoamka wakati wa hatari ilitulia kidogo. Kutaja jina si maneno matupu.

Mara nyingi hasira ni nguo ya juu tu. Baba aliyefanya kazi mwezi mzima na hakulipwa anafika nyumbani mikono mitupu. Ana haya mbele ya watoto. Haya haisemeki, basi anaigeuza kuwa kelele juu ya chumvi. Mke naye anajibu habari za chumvi, na wote wawili wanalala na neno ambalo halikutajwa. Afadhali baba aseme mlangoni: Mama, leo hawakunilipa, na moyo wangu ni mzito. Ni sentensi ngumu, najua.

Wengine wanadhani kutawala moyo ni kutokuwa na maono. Sivyo. Yusufu alipomwona Benyamini, ndugu yake wa tumbo moja, machozi yalimjia. Aliingia chumbani, akalia, akanawa uso, kisha akatoka na kuagiza chakula. Nawe unaweza kutoka nje kidogo, ukatembea mpaka kisimani, ukatoa pumzi polepole mara nyingi. Moyo utashuka. Kisha rudi uzungumze. Usikae kule kisimani mpaka usiku.

Na mtoto anayejitupa chini akilia, msaidie kwa neno: Una hasira kwa sababu kaka yako amechukua mpira? Fimbo haimfundishi jina la kinachomsumbua.

Neno moja kwa dada zetu. Ikiwa mume anakupiga, usifikiri kwamba kazi yako ni kuuelewa moyo wake tu. Ondoka pamoja na watoto, nenda mahali penye usalama, na uje tuangalie majeraha.

Tena kuna huzuni ambayo haitulii kwa mazungumzo ya nyumbani. Majuma mawili yamepita, hulali, huli vizuri, kazi ya jana inakushinda leo, au unafikiri afadhali kufa. Huo ni ugonjwa, na una matibabu. Ukifikiri kujiua, usingoje asubuhi. Amsha mtu wa nyumbani akulete usiku ule ule. Kama si hivyo, njoo saa ya kliniki na umwambie muuguzi kwamba unataka kusema naye faraghani. Huna haja ya kutunga ugonjwa wa tumbo ili uandikiwe kadi.