Cheti cha Ubingwa wa Mitandao ya Kompyuta: Pima Kabla ya Kulipa

Vijana wengi waliohitimu masomo ya kompyuta hukutana na matangazo yanayoahidi cheti cha ubingwa wa mitandao kwa miezi mitatu, na ajira mara baada ya hapo. Wapo wazazi wanaouza kiwanja au kukopa katika SACCOS ili mtoto asipitwe na bahati hiyo. Kabla fedha haijatoka mkononi, tunaona ni wajibu wetu kueleza cheti cha namna hii ni kitu gani, kina faida gani na kinagharimu kiasi gani. Tumechukua mfano wa CCIE, cheti cha ngazi ya juu cha kampuni ya Cisco ya Marekani.

Cheti chenyewe

CCIE kilianzishwa mwaka 1993. Hakitolewi na serikali wala na chuo, bali na kampuni yenyewe, kwa mtu aliyefaulu mitihani miwili. Wa kwanza ni wa nadharia, wa dakika 120. Wa pili ni wa vitendo, nao huchukua muda wa saa 8 katika siku moja: saa 3 za kusanifu mtandao, na saa 5 za kuujenga, kuuendesha na kuuboresha. Anayefaulu hupewa namba yake ya kudumu.

Hakuna sharti la kuwa na shahada au cheti cha awali. Hata hivyo, Cisco hushauri mtahiniwa awe na uzoefu wa kazi wa miaka 5 hadi 7. Ushauri huo peke yake unatosha kuonyesha udhaifu wa ahadi ya miezi mitatu.

Thamani yake

Thamani ya cheti hiki inatokana na ugumu wake. Mtihani wa vitendo humpima mtu kwa kazi anayoifanya huku muda ukimbana, wala si kwa majibu aliyoyakariri. Kwa sababu hiyo benki, kampuni za simu na watoa huduma za intaneti hukithamini. Kwa miaka mingi pia, kampuni zilizotaka hadhi ya juu ya ushirika na Cisco zilitakiwa kuajiri wahandisi wenye CCIE.

Lakini thamani hiyo ina mipaka. Ofisi yenye ruta moja na kompyuta kumi haina haja ya bingwa, na haitamlipa mshahara wa bingwa. Vilevile, mwajiri anayemhoji mtu mwenye cheti kikubwa asiyewahi kusimamia mtandao wowote huingiwa na shaka, wala si imani.

Gharama zake

Ada ya mtihani wa nadharia imekuwa dola 400 za Marekani, na ya vitendo dola 1,600. Jumla ni dola 2,000, kabla ya mafunzo na vifaa vya mazoezi. Vituo vya kudumu vya mtihani wa vitendo ni vichache duniani. Kwa miaka mingi Brussels na Dubai vimekuwa miongoni mwavyo. Hivyo mtahiniwa wa kwetu huongeza nauli, viza na malazi. Hata mahodari hushindwa mara ya kwanza, na kila anayerudia hulipa ada upya. Isitoshe, cheti hudumu miaka 3, kisha huhuishwa kwa mitihani au kwa mafunzo endelevu. Ada hubadilika, kwa hiyo zihakikishe katika tovuti rasmi ya Cisco.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Kwanza, je, ada unayotajiwa ni ya mafunzo tu, au inajumuisha mitihani? Pili, mwalimu mwenyewe anacho cheti hicho, na yuko tayari kukithibitisha kwa njia rasmi ya Cisco? Tatu, kuna vifaa vya mazoezi, na utavitumia kwa saa ngapi? Nne, ukishindwa au chuo kikifunga, utarudishiwa nini? Majibu yote yawe katika maandishi, na udai risiti. Kumbuka kuwa usajili wa chuo kwa NACTVET na idhini ya Cisco ni mambo mawili tofauti. Uliza kila kimoja.

Jihadhari hasa na anayekuuzia maswali ya mtihani halisi au kukuhakikishia kufaulu. Kutumia maswali hayo ni kuvunja masharti ya mtihani, na Cisco inaweza kufuta matokeo na kukuzuia kufanya mitihani yake. Anayepoteza cheti ni mnunuzi; muuzaji hubaki na fedha.

Ushauri wetu

Kwa anayeanza, njia salama ni ya hatua kwa hatua: cheti cha msingi cha CCNA, ambacho ada yake imekuwa dola 300, kisha kazi, kisha CCNP. Atakayefika hapo atajua mwenyewe kama ubingwa unamfaa, na huenda mwajiri akamsaidia gharama. Haba na haba hujaza kibaba.

Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya mwaka 2003, inakataza maelezo ya kupotosha katika biashara. Aliyedanganywa atunze tangazo, mkataba na risiti, kisha atuletee malalamiko yake. Bila vielelezo hivyo, kumtetea ni vigumu.