Manati ya Mpera

Ndugu msomaji, je, waikumbuka manati yako? Mimi yangu nilikuwa nimeisahau, hata juzi mwanangu aliponijia na panda ya mpera, akasema, "Baba, nikatie mpira."

Basi nikaacha daftari la ubatizo, nikashika kisu. Panda ya mpera ni njema kwa kuwa ni ngumu, tena haipasuki upesi. Iambue gome, uianike kivulini. Kisha kata mipira miwili sawasawa katika mpira wa ndani wa baiskeli. Mmoja ukizidi, jiwe litakwenda upande. Mahali pa jiwe, tafuta ulimi wa kiatu kikuukuu. Babu zetu walirusha kwa kombeo tu. Manati ilingoja mpira uliopikwa na salfa, usiolainika juani, aliougundua Charles Goodyear wa Marekani mwaka 1839.

Hapa Kilosa tulilinda mpunga kwa manati, ingawa kwelea kwelea hawakutuogopa sana. Siku moja jiwe langu lilimpata mwenzangu chini ya jicho. Kovu analo hata leo, na tukionana kanisani macho yangu hulitafuta.

Kwa hiyo mwanangu nimempa sharti: halengi penye mtu. Likizo hii anakwenda kwa shangazi yake Mikumi, jirani na hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1964. Manati itabaki nyumbani, maana ndege wa hifadhini nao hawawindwi. Amenuna.

Jioni twatungika kopo mwembeni. Jana alilipiga mara tatu. Mimi, mara moja.