Punje Moja ya Hindi Huko Kilungu

Hesabu ninayokusimulia leo nusura imfilisi mwenyeji wangu, nami nikitazama.

Nilikuwa nimepanda milima ya Kilungu, huko Makueni, hadi pande za Nunguni kumzuru rafiki wa miaka mingi. Mashamba ya huko yameinama kama paa la nyumba. Pasipo matuta ya fanya juu, mvua huuteremsha udongo wote bondeni. Mzee alitaka matuta yake yachimbwe upya. Kijana mmoja, ndiyo kwanza amemaliza shule, akasema hataki pesa.

"Siku ya kwanza nipe punje moja ya hindi, ya pili mbili, ya tatu nne, vivyo hivyo hadi siku ya 32."

Mzee akacheka, akanyoosha mkono wapatane.

"Subiri kidogo, Mzee," nikasema. Sisi tumefunzwa kwamba ujira hutajwa ukajulikana kabla ya kazi, na huu nani aliujua? Nikafungua bao nililomletea zawadi, lenye mashimo 32, tukaanza kutia mahindi. Shimo la kumi lilitaka punje 512, zikamwagika sakafuni. Jumla 1,023, kikombe tu! Mzee akazidi kucheka.

Tukaacha punje, tukashika kalamu. Shimo la 20, jumla 1,048,575. Tukikisia punje tatu kwa gramu moja, ni karibu magunia manne ya kilo 90. Mzee kimya. Shimo la 32, jumla 4,294,967,295. Hayo ni magunia zaidi ya 15,900.

Kijana mwenyewe alitoa macho. Mchezo aliusikia shuleni, mwisho wake hakuujua. Wakapatana shilingi kwa kila tuta.

Lakini mimi nambari ile haikuniachia. Wana watano wangeigawana sawasawa. Wawili wangegombea punje moja. Zidisha 3, 5, 17, 257 na 65,537, utaipata yenyewe. Na kila moja ya hizo ni punje za shimo fulani na moja juu yake: shimo la 2, la 3, la 5, la 9 na la 17.

Iongeze mbili, upate 4,294,967,297. Fermat, Mfaransa wa karne ya 17, aliamini hiyo haigawiki. Mwaka 1732 Euler akamsahihisha. Sasa izidishe kwa ile ya bao letu: 18,446,744,073,709,551,615. Ndiyo ngano ya Sissa katika sataranji yenye nyumba 64, kisa alichokisimulia Ibn Khallikan. Na al-Biruni alikuwa ameikokotoa jumla hiyo zaidi ya karne mbili kabla yake.

"Euler aliigawa kwa ngapi?" kijana akauliza.

"Kwa 641."

Akavuta taa karibu. Chai yake ilipoa. Hatimaye akanigeuzia karatasi: 6,700,417, wala hakuna baki.