Je, Wajua? Paka 31 waliofungua njia ya tiba

Kwa zaidi ya nusu karne, paka akipatwa na peritonitisi ya kuambukiza, maarufu kama FIP, daktari hakuwa na la kumwambia mwenye paka ila ajiandae kumpoteza. Ugonjwa huu huletwa na virusi vya korona vya paka. Kwa paka wengi virusi hivyo hukaa utumboni bila madhara makubwa, lakini kwa wachache hubadilika na kushambulia mwili mzima. Tumbo hujaa maji ya rangi ya manjano, homa haishuki, na mara nyingi anayeugua ni mtoto wa paka.

Mwaka 2019 Dkt. Niels Pedersen na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha matokeo ya kujaribu dawa ya GS-441524, ndugu wa karibu wa remdesivir iliyotumika baadaye kutibu UVIKO-19. Wagonjwa walikuwa paka 31 wa majumbani, walioletwa na wenyewe kwa hiari. Kila siku walidungwa sindano chini ya ngozi, na dawa iliwachoma kweli. Paka 26 walimaliza wiki 12 au zaidi. Baadhi waliugua tena, wakarudishiwa dawa, na wengi wao wakapona.

Hata hivyo, dawa haikuingia sokoni. Wenye paka wengi waliinunua kwa njia za panya, kwa bei ya kuumiza, wakajifunza kudunga wenyewe. Tangu Juni 2024, madaktari wa mifugo Marekani wanaweza kuiandika kihalali, tena ya kumeza.